Mkono wa Kuinua Vitu Vidogo Vidogo

Jumatatu, 4 Agosti

Naandika nimesimama. Nikikaa nitavunja kiti.

Asubuhi ilianza vizuri. Afisa utawala wa ile kliniki mpya alikuja dukani na orodha: vibao thelathini na viwili vya milango, viandikwe kwa brashi. Daktari mwenye kliniki hataki stika, anasema zinabanduka kama ngozi iliyoungua kwa jua. Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Nikamsimulia nilivyoandika HATARI ubavuni mwa lori la mafuta likiwa linatembea, kilomita ishirini kwa saa, dereva amegoma kusimama. Akauliza vibao vitakuwa tayari lini. Watu wa ofisini hawana muda na historia. Nikasema Jumatano, tarehe ishirini.

Akaomba nimwandikie kimoja aone. MAABARA. M ikatoka. A ikatoka. A ya mwisho ikatoka kama imemwagiwa maji ya barafu. Nikasema ni chai, nimekunywa vikombe vitatu. Akaondoka na uso wa mtu anayefikiria.

Na kweli ni chai. Mkono wangu hautetemeki. Miaka ishirini na saba nashika brashi. Herufi T yangu kuna fundi mwashi aliitumia kunyooshea ukuta. Mkono unachoka tu, siku za baridi. Na siku za joto.

Kumbe yule ninayemwita Stika alikuwa mlangoni. Huyu ni jirani wa duka la mbele, ana mashine ya kukata stika, hajui kushika brashi hata ya viatu. Akakichukua kibao, akakigeuza juu chini, akauliza kama nimeanza kupima watu mapigo ya moyo, maana mstari kama ule aliuona hospitali baba yake alipolazwa. Akasema kazi ikinishinda nisione haya, yeye hufunga saa kumi na mbili.

Mke wangu alisikia yote. Jioni akaniletea maji ya moto kwenye kikombe cha chai.

Jumanne, 5 Agosti

Dawa ya Stika nimeipata! Iko kwenye simu. Mkono wa roboti, wa kuweka mezani, urefu kama chupa mbili zikisimama moja juu ya nyingine. Unaandika jina la mtu bila hata kupumua. Yeye ana mashine ya stika, mimi nitakuwa na mashine ya brashi. Vibao thelathini na viwili, mimi nimekunja nne.

Nikamwita mpwa wangu, binti wa dada yangu. Ni fundi wa mashine za meno, zile drili na viti vya kupanda na kushuka. Ana akili sana, amechukua upande wetu. Akaja mchana ananukia dawa ya ganzi. Nikamwambia nataka mkono wa roboti, bei ya mtu wa kawaida. Swali lake la kwanza: Mjomba, wa kufanya nini?

Ningesema wa kuandika, angeuliza wangu una nini. Namjua, haachi jambo. Nikasema wa kujifurahisha. Kuinua vitu vidogo vidogo.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akauliza tangu lini nina cha kujifurahisha zaidi ya kugombana na Stika.

Mpwa akanionyesha mitatu. Wa kwanza wa mbao nyembamba na gia za plastiki: huo Mjomba ni mwanasesere, wiki mbili gia zimelika. Wa pili wa chuma, gia za chuma, unainua nusu kilo. Akili yake ni moja tu: unabonyeza kitufe, unaushika, unauongoza, halafu unarudia kila ulichoufanyia. Wa tatu hauna nguvu, lakini unaandika herufi kwenye kompyuta, nao unazichora zilivyonyooka. Bei yake mara mbili ya wa pili. Huo, akasema, ni wa watu wa kuandika na kuchora. Wewe Mjomba huna kazi nao, usitupe pesa.

Nikasema kweli kabisa, wa nini mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepima kwa siku mbili na nimeona kitu ambacho mpwa hakukiona, pamoja na vyeti vyake. Brashi haina uzito. Mkono unaoinua nusu kilo ukipewa brashi utaona umepewa likizo. Pili, ule wa bei mbaya unafundishwa na kompyuta. Huu wa chuma unafundishwa na mwalimu. Na mwalimu ni nani hapa? Mimi niliishia darasa la sita, lakini nililisoma mara mbili, kwa hiyo jumla ni kumi na mbili.

Nimeuza ngazi yangu ndefu, nimenunua wa chuma. Ngazi ya nini kwa mtu mwenye roboti. Muuza vipuri akauliza nautaka kwa kazi gani. Kuinua, nikasema. Akanipongeza kwa kuchagua vizuri.

Nimerudi nakuta ngazi yangu imeegemezwa kwa Stika. Kumbe yule bwana wa kofia aliyeinunua alitumwa! Stika akanipungia akiwa juu yake. Nimeingia ndani, nimefunga mlango kwa teke. Kidole gumba cha mguu kimevimba.

Jumamosi, 9 Agosti

Aliyeandika maelekezo ya kuunganisha huu mkono nikimkamata atakula ile karatasi. Michoro mitupu. Mshale unaonyesha skrubu iingie, haisemi wapi. Nimeunganisha kwa muda wa saa tano. Zimebaki skrubu tatu. Kampuni imekosea hesabu, imenizidishia.

Nimeufunga mezani kwa jiliwa, nikawasha. Ukainuka wote, ukageuka dirishani, ukaanza kupunga. Sikuutuma. Unapunga tu, taratibu, kama mgeni rasmi. Stika akatokea kwake. Akaupungia. Ukampungia. Wakaendelea hivyo mpaka nikachomoa waya.

Mke wangu akasema angalau kuna mmoja humu ndani anayemsalimia jirani.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku tisa zimebaki. Leo nimeufundisha. Nikaufunga brashi, nikabonyeza kitufe, nikaushika, nikauongoza: DAKTARI. Nikauambia sasa fanya mwenyewe.

Ukaandika DAKTARI. D ina mawimbi. Mguu wa K umegonga mara tatu kabla ya kutua. I, herufi ya mstari mmoja, herufi ambayo hata mbuzi angeiandika kwa pembe, imetoka kama mnyoo.

Nimeuziwa mashine mbovu. Inatetemeka.

Nimempigia muuza vipuri simu, nikamwambia yeye na ukoo wake wote maneno ambayo siyaandiki hapa, mke wangu akisafisha hufungua madaftari. Akaniuliza kwa upole kama inainua. Nikasema inainua. Akasema basi.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nilitaka ushahidi wa kumshtaki yule muuza vipuri. Nikaufundisha I moja tu, kwa makini, nimeshikilia pumzi. Nikauamuru urudie mara kumi kwenye kibao kimoja. Mashine mbovu hukosea ovyo, huku leo, kule kesho. Nilitaka zionekane kumi mbovu, kila moja kwa namna yake.

Zimetoka kumi sawasawa. Kila moja imetikisika juu kidogo, ikatulia, ikatikisika tena mara mbili kabla ya kufika chini. Pale pale. Nimepima kwa rula.

Nimekitupa kibao uvunguni mwa meza.

Mpwa akaja bila kuitwa. Mke wangu ndiye aliyempigia, na hilo nitalisema siku nyingine. Akauliza kwa nini mkono wa kuinua umefungwa brashi. Nikasema brashi nayo ni kitu kidogo, unaiinua. Akainama, akakivuta kibao. Akakitazama kwa muda mrefu. Akasema Mjomba, huu mkono ni mzima, umefanya kama ulivyofundishwa. Halafu akauliza, polepole, tangu lini.

Nikawaka. Nikasema chai. Nikasema meza. Nikasema kama anajua sana arudi kwenye meno ya watu. Nikamwambia niliandika HATARI kwenye lori kilomita arobaini kwa saa, leo binti niliyembeba mgongoni anakuja kunifundisha I? Akasema mara ya mwisho zilikuwa ishirini. Nikashika brashi nyingine nimwonyeshe mwenyewe, bila mashine, I ya kweli. Kwa hasira hata sikuangalia nimeegemea wapi.

Ikatoka imenyooka. I ya mwaka ule wa T na ukuta.

Mke wangu alikuwa mlangoni na taulo. Ndipo nikaona kifundo cha mkono wangu kimelala juu ya ule wa chuma. Ulikuwa umewashwa, umekakamaa pale nilipouacha, haubonyei.

Mpwa akasema hata kazini kwake ndivyo. Daktari wa meno hakosi kuegemeza kidole kwenye taya la mgonjwa, mzee au kijana, wala hakuna anayemcheka. Akaongeza kwamba fimbo ya kuegemeza mkono ingefanya kazi hiyo hiyo bure. Fimbo! Miaka yote nimewacheka mafundi wenye fimbo. Stika mwenyewe aliacha brashi siku nilipomwita mzee wa mkongojo mbele ya wateja.

Nikamwambia ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Ndiyo maana nilichagua unaoinua. Akanitazama kama anavyotazama kiti kisichoshuka.

Jumapili, 17 Agosti

Vibao ishirini na tisa tayari. Nalaza kifundo, naandika, nautuma mkono wa chuma usogee, nalaza tena. MHASIBU imetoka nzuri mpaka mke wangu aliirudia kuiangalia mara mbili, akidhani simwoni.

Stika akaja kuchungulia. Nimeziba dirisha kwa kabati. Akiwa nje akauliza ni nani anayeandika humo. Nikamjibu ni roboti, mimi nimelala. Akasema mbona suruali ya roboti ina rangi kwenye zipu. Nikatazama. Ni kweli, nilikuwa na rangi, lakini yeye aliona wapi kama dirisha limezibwa? Mtu wa kuchungulia tundu la ufunguo huyu. Nikamwambia kwa nguvu, mtaa mzima usikie, kwamba mashine yangu imeandika vibao vyote na kuanzia leo brashi ya mkono ni mambo ya kale.

Nimelala vizuri sana.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepeleka vibao. Stika alikuwepo, amekuja kujaribu kuwauzia stika za madirisha. Daktari mwenye kliniki akatoka, mama mfupi, miwani imening'inia kifuani. Kabla sijafungua mdomo Stika akamwambia hivi vibao ni vya mashine, mtaa mzima umesikia, fundi mwenyewe katangaza, sasa tofauti yake na stika ni nini.

Daktari akapitisha kidole juu ya MAABARA. Akasema hapa brashi imeminywa, hapa imenyanyuliwa, hapa fundi ameenda kuchovya rangi akarudi. Hii ni kazi ya mkono wa mtu. Akaniuliza ni kweli?

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilitaka pia Stika aendelee kuamini ni mashine. Yote mawili yalikuja kwa pamoja, nikakohoa. Mwishowe nikasema ni mkono wangu. Stika akauliza upi, wa nyama au wa chuma. Afisa utawala akacheka. Hata mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi na shavu limefungwa bandeji akacheka, na ilimuuma, nilimwona. Stahili yake.

Wakaniletea chai. Nikaipokea bila kufikiri. Kikombe kikaanza kugonga kisahani, tik tik tik, na kadiri nilivyokibana ndivyo kilivyopiga. Daktari hakucheka. Akakitoa taratibu mkononi mwangu, akakiweka mezani. Akasema nije Jumatano ijayo, saa nne, mlango namba kumi na saba, mishipa ya fahamu, hakuna malipo, ni shukrani ya vibao. Akasema mitetemeko mingine hutulizwa na vidonge tu, lakini lazima kwanza aangalie.

Namba kumi na saba. Kibao hicho nilikiandika Jumamosi. Kile cha MISHIPA, chenye I mbili.

Nikamwambia ni chai.

Akasema sawa, nije hivyo hivyo. Halafu, kwa kuwa brashi yangu ameipenda, akauliza kama naweza kuandika jina la kliniki ukutani nje, ghorofa ya pili, herufi urefu wa mita moja. Stika akanitazama. Akasema kwa sauti ya huruma kwamba ngazi anayo, ataniazima.

Nikasema naweza. Nikasema niliwahi kuandika HATARI kwenye lori la mafuta lililokuwa kilomita themanini kwa saa, ukuta hauendi popote. Akauliza naanza lini. Nikasema Jumatano ijayo. Saa nne.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeenda kuutazama ule ukuta. Ni mrefu. Hauna pa kulaza kifundo cha mkono.

Mke wangu amesema twende wote kwa daktari, ukuta utangojea. Nimemwambia Stika hatangojea.

Nimempigia mpwa. Nimemuuliza kama ipo mikono ya roboti mirefu zaidi, inayoweza kupanda ngazi, bei ya mtu wa kawaida. Drili ya meno ilisikika nyuma yake. Kisha akauliza, Mjomba, wa kufanya nini?

Nikamwambia wa kujifurahisha. Kuinua vitu vidogo vidogo.