Sidii Iliyopita Ukaguzi

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu ametoa tamko. Saluni ni yake, viti vyake, draya yake. Mimi kazi yangu ni runinga tu. Wateja wa kusuka wanakaa muda mrefu, na wakichoshwa wanakimbilia kwa yule dada wa ng'ambo ya barabara mwenye spika mbili. Sidii yangu ya mwisho ilikwamakwama mpaka mteja mmoja akaondoka na nusu kichwa. Nikileta mbovu nyingine, nitakwenda kubeba simenti kwenye duka la kaka yangu. Simenti! Kwa mgongo huu!

Nimemtoa wasiwasi. Kuanzia leo hakuna sidii itakayoingia saluni bila kukaguliwa nami. Nimekata karatasi za duara, nikaandika IMEPITA. Kizuri chajiuza, ni kweli, lakini kikipata muhuri si vibaya.

Jumanne, 4 Juni
Nimeelewana na muuza sidii wa stendi. Ananipa sidii nikague, nikiridhika nabandika muhuri, yeye anauza haraka, mimi nabaki na nakala. Leo kanipa moja yenye video arobaini za nyimbo za vijana. Jalada linang'aa mno. Nimelipatia alama zake nikiwa bado njiani.

Jumatano, 5 Juni
Siku ya ukaguzi. Deki ya nyumbani iko sebuleni, na mchana sebuleni analala mama mkwe. Alikuja kutibiwa goti. Goti limepona, mama bado yupo. Basi nikaondoa sauti kabisa. Mtaalamu hashindwi na jambo dogo.

Nimetazama video zote arobaini, kalamu sikioni. Picha: 92. Kucheza: 90. Mavazi: 88, yangefika tisini kama si kijana mmoja mwenye suruali ya manyoya. Sauti: 95. Hiyo nimeipima kwa mishipa ya shingo. Mtu hawezi kutoa mishipa kiasi kile halafu sauti ikawa mbaya.

Mama mkwe akafumbua jicho moja, akauliza kama nyimbo za siku hizi ni za mabubu. Nikamjibu kwa adabu kwamba nakagua. Akasema chumvi huonjwa, haitazamwi. Akalala tena. Wazee nao!

IMEPITA.

Jumamosi, 8 Juni
Saluni imejaa. Nikaweka sidii, nikapandisha sauti mpaka mwisho ili dada wa ng'ambo apate habari zake.

Akatokea binti mwembamba, gauni jeupe, akafungua mdomo. Likatoka besi la baba mzima! Nikadhani ndio mtindo. Akafuata yule wa suruali ya manyoya, kifua wazi, misuli tele. Sauti ya kibinti, nyororo, inalia kwamba bwana wake kamwacha. Masalale! Kila video imepewa wimbo wa mwenzake. Zote arobaini!

Wateja walicheka mpaka aliyekuwa chini ya draya akachomoka, roli zinaning'inia. Wateja wa ng'ambo wakavuka kuchungulia. Wakakaa. Mke wangu alikuwa ameshanikata jicho la simenti, kisha akatazama viti vyake. Hakukuwa na kilicho wazi. Akaniambia taratibu kwamba sidii hiyo isiguswe na mtu.

Nimenusurika. Lakini roho inaniuma. Mimi ni mkaguzi, si mchekeshaji. Muhuri wangu umechekwa hadharani.

Jumapili, 9 Juni
Nimemwendea muuza sidii, nikamfokea kistaarabu. Ameomba radhi, akanipa nakala safi. Ile mbovu nimemtaka aivunje mbele yangu. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi sina mchezo na ubora. Akaivunja kwa goti.

Nimekagua nakala mpya. Mama mkwe kalala, kwa hiyo kimya kimya kama kawaida. Sauti: 98.

Jumanne, 11 Juni
Wateja wa Jumamosi wamerudi, wameleta na mashoga zao. Nikabonyeza. Binti akaimba kwa sauti ya binti. Suruali ya manyoya ikaimba kidume. Sauti safi kabisa, kama nilivyoiona! Nikageuka nipokee pongezi.

Mmoja akapiga miayo. Mwingine akauliza kwa nini nimeiharibu. Wakaondoka mmoja mmoja kuvuka barabara, na mke wangu akauliza ile ya kwanza iko wapi. Nikamweleza habari ya goti la muuza sidii. Hakugomba. Akachukua simu, akampigia kaka yangu.

Alhamisi, 13 Juni
Dukani kwa kaka. Mgongo wangu, jamani! Kufika saa nne nilikuwa natembea nimepinda.

Lakini kipaji hakifichiki. Umeingia mzigo mpya wa simenti, na kaka ana shaka nao. Nikajitolea kuukagua. Akashauri tuchanganye kidogo na mchanga na maji tuone kama itashika. Nikamwonea huruma. Mtaalamu hupima kwa jicho. Mifuko imeshonwa vizuri, maandishi yamenyooka, rangi haijapauka. Alama 95. Bahati nzuri nilikuwa na mihuri mfukoni.

Nimemchagulia mke wangu mfuko bora kuliko yote, akatengenezee ngazi ya saluni. Mteja wa kwanza akiikanyaga tu, nitaitwa nirudi kwenye runinga yangu. Mfuko wenyewe ukiugonga ni mgumu kama jiwe. Haujaguswa na maji, na tayari una nguvu kiasi hicho!