Pingamizi Dhidi ya Gazeti la Mlangoni Kwangu

Alhamisi, tarehe 14 Agosti.
Asubuhi manyunyu hadi saa mbili, kisha jua zuri la kuanikia nguo.

Kwako Mkuu wa Shule,

KUHUSU: KUPINGA KLABU YA WAANDISHI WA HABARI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wote, pamoja na mlinzi wa getini, ambaye ndiye mtu pekee shuleni kwako anayenisalimia bila kunitaka maoni.

Mimi ni mama wa mwanafunzi wa kidato cha pili, yule mrefu anayechomeka kalamu sikioni. Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu iko barazani, kwenye nyumba tunayokaa familia tano, na hapo ndipo ninapopokea wateja. Nilisoma hadi kidato cha nne, na tangu siku niliyomaliza ninaandika shajara kila siku. Kwa hiyo tarehe zote nitakazozitaja hapa nimezitoa kwenye daftari, si kichwani.

Wiki iliyopita ulituletea waraka kuhusu klabu za wanafunzi. Ulituuliza kama ziendelee kila Jumanne na Alhamisi jioni, au saa zake zigeuzwe masomo ya ziada. Waraka unasema mwisho wa maoni ni kesho Ijumaa, mkutano ni Jumatatu, na klabu yoyote itakayopingwa na mzazi kwa maandishi itafungwa hadi mwaka ujao. Niliusoma mara mbili. Mara ya pili niliusoma nimesimama. Mzazi huyo ni mimi, na maandishi ndiyo haya.

Sina ugomvi na klabu nyingine. Klabu ya mazingira ilipanda miti na baadhi ikaota. Klabu ya huduma ya kwanza ilimfunga bandeji mwili mzima mtoto asiyeumwa, lakini baadaye ilimfungua. Ugomvi wangu ni na hawa Waandishi wa Habari. Mwalimu wao mlezi aliwaagiza kila mmoja aanzishe gazeti la ukutani nyumbani kwao, litoke kila Jumamosi, na libandikwe "mahali wasomaji wanapopita." Kwetu wasomaji wanapita barazani. Toleo la kwanza lilibandikwa mlangoni Jumamosi tarehe 5 Julai, sentimita arobaini kutoka kwenye cherehani. Nilipima mwenyewe kwa tepu ya kazi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu utulivu. Kabla ya klabu hii nilikuwa na mtoto mtulivu. Ukimuuliza shule imekwendaje, anasema nzuri. Ukimuuliza ameshiba, anasema ndiyo. Siku inaisha. Wanawake wenzangu walikuwa wananionea wivu. Sasa anarudi na maswali. Tarehe 8 Julai alitaka kujua kwa nini kile kiti chenye mto ni cha baba peke yake, nani aliamua, lini, na kama kura ilipigwa. Jumamosi iliyofuata nikasoma mlangoni: "Mama alikataa kutoa ufafanuzi." Mkuu, mimi sikukataa. Nilikuwa na pini mdomoni.

2. Kuhusu vyanzo viwili. Wamefundishwa kwamba habari isiaminiwe mpaka ithibitishwe na watu wawili. Nikisema chakula kiko tayari, anakwenda kwanza kwa bibi yake kuuliza kama ni kweli. Bibi naye anamjibu, "Nimesikia hivyo, mjukuu wangu, lakini kwa macho yangu sijaona." Basi chakula kinakaa kinapoa kikisubiri kuthibitishwa.

Huyo bibi ni mama mkwe wangu, namheshimu sana, na ndiye anayetoa habari nyingi za gazeti. Humo ndani huitwa "mkazi mmoja wa siku nyingi ambaye hakutaka jina lake litajwe kwa sababu anakula hapa." Nyumbani kwetu tuko wanne. Mmoja ndiye mwandishi. Mwingine ni mimi. Wa tatu ni mume wangu, ambaye hajui hata chumvi inakaa wapi. Sihitaji mpelelezi.

3. Kuhusu ahadi. Hili ndilo lililonitia kalamu mkononi, na naomba ulisome taratibu.

Naamini nawe umewahi kushonesha nguo, kwa hiyo unaijua desturi yetu mafundi. Mteja anauliza, "Lini?" Fundi anasema, "Jumanne." Mteja anajua si Jumanne. Fundi anajua kwamba mteja anajua. Jumanne ikifika mteja anakuja, anaambiwa bado vifungo tu, anavutiwa kigoda, anaulizwa hali ya watoto, wanacheka, anaambiwa Ijumaa. Hivyo ndivyo watu wanavyojuana. Nina marafiki wa miaka kumi niliowapata kwa gauni moja.

Binti yangu ameanzisha jedwali. Linaitwa AHADI ZA WIKI. Toleo la tatu, tarehe 19 Julai, liliandika: "Gauni la mama wa chumba cha pili. Kwa mujibu wa fundi: bado vifungo tu. Kwa mujibu wa kitambaa: hakijakatwa." Mama wa chumba cha pili alilisoma akiwa amesimama nyuma yangu, huku mimi nikimweleza habari za vifungo.

"Shoga," akaniambia, "siku hizi vifungo mnashonea hewani?"

Tangu siku hiyo nimelazimika kumaliza nguo siku ileile niliyoahidi. Sijazoea, na wateja hawajazoea. Tarehe 29 Julai mzee mmoja alikuja kuulizia suruali yake, akaikuta imekunjwa na kupigwa pasi. Alirudi hatua moja nyuma akaniuliza kama kuna msiba. Siku mbili baadaye, fundi mwenzangu wa mtaa wa pili, ambaye tulijifunza kazi pamoja, alikuja kunisihi.

"Dada, unatuharibia," alisema. "Mteja wangu jana kanitazama machoni kaniuliza, mbona yule anaweza? Mimi nimjibu nini?"

Nilimvutia kigoda, nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na koti la kumaliza.

4. Kuhusu masahihisho. Toleo la tarehe 26 Julai, chini kabisa, ndani ya kisanduku: "Katika toleo lililopita tuliandika kwamba Mama ana umri wa miaka thelathini na tisa, kama alivyotueleza mwenyewe. Cheti kinasema arobaini na mitatu. Tunawaomba radhi wasomaji wetu." Hakuna msomaji aliyekuwa amelalamika. Tena gazeti zima liliandikwa kwa kalamu ya bluu, ila kisanduku hicho kilipakwa rangi nyekundu pembeni ili kisimpite mtu.

5. Kuhusu hali ya hewa. Kuna utabiri, lakini si wa nje. "Mama: mawingu asubuhi, ngurumo kuanzia saa tisa, hasa maeneo ya jikoni." Hapa sina maneno mengi. Nasema tu kwamba tarehe 2 Agosti walikosea. Ngurumo zilianza saa nane.

6. Kuhusu homa ya mume wangu. Mume wangu ni karani wa stoo. Jumatano tarehe 6 Agosti alituma ujumbe kazini kwamba ana homa. Msimamizi wake ni mtu mwema, na Jumamosi yake alifunga safari kuja kumpa pole, amebeba mfuko wa machungwa. Akabisha hodi. Wakati anasubiri kufunguliwa, akasoma kilichokuwa mbele ya pua yake: BABA ATUMIA SIKU YA HOMA KUFUNGUA REDIO. SKRUBU TATU ZABAKI BILA KAZI.

Mume wangu alitoka amejifunga shuka hadi shingoni. Wakatazamana.

"Redio inasema?" msimamizi akauliza.

"Kwa sasa inanong'ona, bosi," mume wangu akajibu.

Homa haikutajwa tena na yeyote. Machungwa alikabidhiwa mama mkwe. Msimamizi alipokuwa anaondoka, aliniuliza mimi, si mgonjwa, toleo lijalo linatoka saa ngapi.

7. Kuhusu majirani. Nilitegemea majirani wangesimama upande wangu. Badala yake, baba wa chumba cha tano amenilalamikia kwamba yeye na mkewe waligombana tarehe 4 kwa sauti ya kutosha, milango wazi, na gazeti halikuandika hata mstari mmoja. "Kwani sisi si watu wa nyumba hii?" aliniuliza. Mkewe alikuwa pembeni yake, anatikisa kichwa kumuunga mkono. Ni mara ya kwanza nawaona wamekubaliana.

Mkuu wa Shule, nakuomba uone jambo hili linakoelekea. Klabu ina watoto thelathini. Hao thelathini watakua. Watakuwa wateja wa mafundi, watakaa kwenye ofisi, watahudhuria mikutano, na kila watakapokwenda watauliza nani aliamua, lini, na nani mwingine anaweza kuthibitisha. Mafundi watamaliza nguo. Wagonjwa itabidi waumwe. Mikutano itaanza saa iliyoandikwa kwenye waraka, na wa kwako wa Jumatatu ukiwemo, ambao sote tunajua kwamba saa nne maana yake ni saa tano na nusu. Sidhani kama tuko tayari. Mimi sikuwa tayari, na nilianza na gauni moja tu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, klabu ifungwe. Pili, binti yangu ahamishiwe klabu ya sataranji, ambako nimeambiwa wachezaji hukaa kimya saa nzima na anayeshindwa hukiri mwenyewe bila kuandikwa. Tatu, shule itume mtu wa kubandua matoleo sita mlangoni kwangu, kwani gundi ya klabu yenu haitoki kwa maji, kwa mafuta ya taa, wala kwa dua.

Sitakuficha kwamba anaipenda. Jana aliponiona nimekaa na karatasi ya mistari alisimama mlangoni.

"Mama, unaunga mkono au unapinga?"

Nikamwambia barua za watu wazima hazina mwandishi wa habari. Nilingoja swali la pili, maana yeye huwa halikosi. Hakuuliza. Alikwenda kupanga vitabu vyake, ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Yeye ndiye atakayekuletea bahasha hii kesho asubuhi, na nimemlea vizuri, hataifungua.

Nisalimie walimu wote, hata huyo mlezi wa klabu, maana najua alitumwa na nia njema. Wasalimie wapishi, mtunza maktaba, na wanafunzi wa sataranji, ambao siwajui lakini nawaheshimu. Mama mkwe anakusalimu, ingawa hakutaka jina lake litajwe.

Ni mimi, katika kuijenga shule yetu,
Mzazi wa Kidato cha Pili,
Fundi wa Barazani

NYONGEZA: Bahasha ilikuwa bado wazi tulipomaliza kula, binti akaja na daftari. Akasema kwa kuwa huenda toleo la Jumamosi likawa la mwisho, anataka kufanya mahojiano ya ukurasa mzima na mtu ambaye gazeti halikumtendea haki. Nikamwelekeza kwa baba yake. Akasema hapana, ni wewe.

Aliniuliza nani alinifundisha kushona. Nikamjibu kwa maneno matano, nikidhani yanatosha. Akaandika, kisha akainua macho akasema, "Halafu?"

Mkuu, mimi maisha yangu yote watu wananiuliza "lini." "Halafu" sijawahi kuulizwa. Nilijikuta namsimulia nilivyotaka kuendelea na shule, mwaka ule mama yangu alipougua, na jinsi shangazi alivyonikalisha mbele ya cherehani akaniambia kanyaga taratibu, nayo ni kusoma. Shajara yangu yenyewe haikuwa na hayo. Mama mkwe alisogeza kigoda karibu. Mume wangu alisimama na kikombe mpaka chai ikapoa, na nilipofika kwa shangazi ni yeye aliyesema, "Halafu?" Nilizungumza saa nzima na robo, na mhariri hakunikatiza hata mara moja.

Kwa sababu hiyo, kwenye fomu iliyokuja na waraka wako nimeweka alama penye ZIENDELEE. Haya niliyoyaandika hapo juu naomba yasihesabiwe kuwa pingamizi la mzazi. Yahesabiwe kuwa makala. Nimeyapeleka gazetini kwenye safu ya Barua za Wasomaji, na yamekubaliwa kutoka keshokutwa.

Lakini sasa nina lalamiko la kweli. Mhariri anasema barua ni ndefu, na anataka kuikata hoja ya tatu, ambayo kila mwenye akili anaona ndiyo tamu kuliko zote. Nimemsihi, nimemkaripia, nimemkumbusha nani alimzaa. Anasema mzazi haruhusiwi kuingilia kazi ya mhariri. Ndiyo maana nakutumia nakala nzima, uisome mwenyewe. Wewe ni mkubwa wake. Tafadhali mwamuru hoja ya tatu isiguswe, na jibu umpe kesho kabla ya saa sita, maana wanafunga kurasa mchana.

Sasa ni saa nne kasorobo. Nalala.