Nukta Mbili za Chaki

Fundi cherehani alipoingia dukani amekumbatia kompyuta kuukuu iliyofungwa kwenye shuka, Dakika Mbili aliiona riziki kabla hajamwona mwenye nayo. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa kuwa kila kazi kwake ilikuwa ya dakika mbili, hata zile zilizochukua wiki.

"Shikamoo mama. Karibu kiti."

"Marahaba mwanangu. Hii nimeuziwa ikiwa imeshatumika. Nachorea nembo za kutarizi kwenye sare za shule, na kila nikifungua mchoro inaganda. Jumatatu wanataka sampuli, la sivyo kazi anapewa mwingine. Nimeambiwa niongeze memori, ila kiasi gani ndiyo sijui. Ifike nne? Nane? Au nijifunge mkanda nipande kumi na sita?"

Dakika Mbili akafungua kifuniko, akachungulia, akagongagonga muda wa kutosha ili kugonga kwake nako kulipwe. Kisha akasema ukweli. Naam, ukweli mtupu, maana tapeli hodari hana uchoyo wa ukweli. Huutoa kwa wingi ili uongo wake mmoja upate pa kujificha.

"Mama, humu mna giga mbili. Nne zitasukuma siku, lakini ukifungua michoro miwili utalia tena. Kumi na sita ni kutupa pesa, mashine ya umri huu haizitambui. Mwisho wake nane. Tutoe hiki cha zamani, tuweke nne huku na nne huku."

"Mungu akubariki. Mwingine angeniuzia kumi na sita."

"Mimi si wa hivyo, mama."

Akatandika kitambaa mezani, akapanga vipande vinne vyembamba vya memori, vyote vimebandikwa karatasi yenye namba nne. "Vyote sawa, chagua upendavyo," akasema, na kabla mama hajanyoosha mkono, akamchagulia.

Hapa msomaji asogee karibu, mama asije akasikia. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vizima kweli, na ndivyo pekee alivyokuwa navyo. Vilikuwa vimeonyeshwa kwa wateja kumi na mmoja na havijawahi kulala nje ya duka. Viwili vingine vilikuwa vya giga moja moja, karatasi kabandika mwenyewe. Ili asije akajitapeli, hivyo vya uongo alivitia nukta ya chaki pembeni, ndogo kama kichwa cha pini.

Akachomeka visivyo na nukta, akawasha. Mchoro ukafunguka kabla mama hajakaa sawasawa, ukafuata wa pili, na wa tatu. Mama akafurahi hadi akashika shavu.

Yakaja mapatano. Mama akataja nusu ya bei. Dakika Mbili akakunja uso kama anayeng'olewa jino, kisha akakubali, moyoni anacheka, maana takataka hata ukiiuza kwa nusu bei umepata faida.

"Sasa nivisugue meno vikamate vizuri," akasema. Akazima mashine, akavichomoa, akavilaza kando ya vile vya nukta, akashika kifutio cha penseli. Kusugua huko ndiko kulikokuwa mlango wake wa kubadilishia.

Mara mtu wa bima, tai shingoni na mkoba wa kompyuta begani, akasimama barazani kuulizia memori. Samaki wawili asubuhi moja, nani angeacha? Dakika Mbili akaweka kifutio chini, akatoka mbio.

"Dakika mbili, mama."

Zilikuwa tano. Alipokwisha kumwambia mtu wa bima arudi baada ya saa moja, alirudi ndani akamkuta mama ametulia, mikono mapajani. Akavichukua vyenye nukta, akavisugua, akavichomeka, akafunga skrubu.

"Usiiwashe mpaka kesho, mama. Memori ngeni lazima ilale, izoee nyumba."

"Kama bibi harusi," mama akasema. Akalipa, akafunga shuka lake, akaenda zake.

Saa moja baadaye mtu wa bima alirudi. Dakika Mbili akachomeka vile visivyo na nukta kwenye kompyuta ya mteja huyo, akawasha kwa mbwembwe. Mashine ikajikongoja.

"Mbona imezidi kuzorota?" mtu wa bima akauliza.

Dakika Mbili akasoma kwenye kioo: giga mbili. Akampigia mama.

"Mama, nadhani tumechanganya vipande."

"Vipi tena? Si ulisema vyote sawa?"

"Ni sawa, ila..." Mtu wa bima aliinua macho. Dakika Mbili akaumeza mwisho wa sentensi.

"Ila vingine vina chaki," mama akamalizia. "Mwanangu, nakata nguo mwaka wa thelathini huu. Fundi hatii chaki bila sababu. Uliponionyesha uliviruka vyenye nukta, nikajua upande mbaya ni upi. Ulipotoka nikachukua kifutio chako nikaifuta kwenye vibovu. Chaki haikosekani mkobani mwangu, nikatia kwenye vizima. Kuchomeka ulichomeka mwenyewe."

"Nilikwambia usiiwashe mpaka kesho," akasema kinyonge.

"Nimeiwasha. Michoro minne iko wazi hapa, na Jumatatu nitafika na sampuli yangu. Ila ule ushauri wa giga nane, asante sana. Pale ulisema kweli, na nusu bei niliyokupa ihesabu ni ya ushauri."

Simu ikakatika. Mtu wa bima akatazama saa yake.

"Sasa fundi, yangu itachukua muda gani?"

Dakika Mbili akaviangalia vile vipande viwili, akaiangalia chaki yake juu ya meza.

"Hata sijui, bosi," akasema.