Likeni ya Mokambo

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita

Ninaanza kitabu hiki ili batoto bajue siku moja baba yao Ézéchiel alikuwa nani. Mambo iko hivi. Abigaëlle, mutoto wa dada yangu, anatengeneza milima ndani ya ordinateur, kompyuta yake. Studio moja ya Kinshasa inatafuta muntu wa kutengeneza milima ya filme nzima. Kazi ni ya yule mwenye atatuma jiwe inayofanana na ya kweli mbele ya Jumamosi saa sita. Jiwe yake ya kwanza balimurudishia. Balisema iko kama tonge ya bukari, ugali wetu, iliyopoa. Inakosa likeni, yaani yale magamba ya kijivu na kijani yanayoshika juu ya majiwe ya zamani. Anahitaji foto mia moja za jiwe yenye likeni, kutoka kila upande. Ordinateur inazishona pamoja, jiwe inazaliwa.

Jirani Séverin alisikia juu ya ukuta. Akasema mutoto wake Rodrigue naye anatuma jiwe, kazi ni yake, tusijisumbue. Nikamwambia majiwe yote kutoka Sakania mpaka Mokambo inanijua kwa jina. Zamani moja ilianguka kwenye reli. Niliiinua kwa mukono moja, dereva wa treni akavua kofia.

Jumanne, tarehe 10

Nimeenda Mokambo kwa camion, lori ya Mardochée, yule mufanyabiashara wa Kivu. Abigaëlle aliniomba foto tu. Foto ni ya bantu bazaifu. Nimeleta jiwe yenyewe. Kilo mia tatu, nimebeba peke yangu. Mardochée anasema kilo sitini, na kwamba tulikuwa bantu bane. Alikuwa nyuma ya usukani, angeona nini?

Likeni yake muzuri sana: kijivu, kijani, rangi ya chungwa, kama ramani ya inchi tajiri. Nimeiweka karibu na mulango ya lupango, kiwanja chetu, ili Séverin aione. Ameiona. Ameuliza kama tumekosa kufuli.

Jumatano, tarehe 11

Musiba. Kesho chorale, kwaya ya kanisa ya muke wangu Hortense, inakuja kuomba Mungu kwetu. Mbele ya bageni kufika, Hortense anapaka chokaa majiwe yote ya pembeni ya maua, kama kila mama wa mutaa huu. Asubuhi nimetoka na muswaki kinywani. Jiwe yangu iko kwenye musitari na zingine, nyeupe kama yai. Kwanza aliisugua kwa burashi ya chuma. Amesema aliikuta chafu, nimushukuru.

Abigaëlle alikaa chini, akakwaruza chokaa kwa kucha. Afadhali angelia. Nimemwahidi likeni mupya kesho saa nne. Ameuliza itatoka wapi. Kwa mutaalamu, nikasema.

Alhamisi, tarehe 12

Mutaalamu ni mimi. Jiwe ingine, bukari ya jana, sombe kavu, yaani kisamvu, pilipili ya unga, mafuta ya mawese kidogo. Abigaëlle alinusa, akauliza kwa nini jiwe inanukia chakula. Nikamwambia hii ni ya Sakania, kule majiwe inakula vizuri.

Akaanza kuizunguka na foto. Kwenye foto ya thelathini, kuku ya Hortense zikafika. Nikafukuza, zikarudi na zingine. Chorale inaimba, mimi ninaruka. Foto ya mia: likeni yote iko tumboni mwa kuku. Ordinateur ilishona vile ilivyoona. Jiwe ikatoka na mudomo ya kuku, macho mbili, na mukono yangu unaota pembeni kama tawi. Mimi niliona iko na maisha. Abigaëlle alifunga ordinateur polepole. Séverin, kichwa juu ya ukuta, akauliza kama hiyo jiwe inataga.

Ijumaa, tarehe 13

Nimeamka, Abigaëlle hayuko. Hortense hayuko. Bamepanda camion ya Mardochée saa kumi na moja asubuhi bila kuniambia, mimi mwenye kujua njia. Bamerudi na foto mia mbili na hakuna jiwe hata moja. Hortense alishika mwavuli ili jua isitupe kivuli kikali. Sasa anataja likeni kama vile aliinyonyesha mwenyewe. Nimekatazwa kugusa hata waya. Nimelinda kuku mpaka jioni.

Jumamosi, tarehe 14

Saa tano na nusu ametuma. Saa nane telefone imelia. Kazi ni yake. Ba studio balisema balitaka kupapasa jiwe kwenye kioo. Rodrigue alikuja kumupa mukono, mutoto muzuri, hakurithi kwa baba yake. Abigaëlle akanikumbatia mimi mujomba wake: asante Tonton, leo hukugusa kitu. Machozi imenitoka kidogo. Ni vumbi ya kiangazi.

Nimemweleza Séverin namna nilivyoongoza ekipi yangu, kundi nzima. Kuku ilikuwa jaribio.

Filme inataka sasa muto yenye ukungu wa asubuhi. Abigaëlle anasema atautengeneza mwenyewe. Mutoto muchovu hivyo? Nimeshaficha nyuma ya nyumba gunia ya makaa na sufuria kubwa ya arusi ya Hortense. Maji ikichemka, mvuke ni ukungu. Jumatatu Hortense anaenda soko mapema.