Hotuba Juu ya Katoni Ishirini za Theopista

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo namwakilisha mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, ambaye pia ni mimi hadi atakapoteuliwa mwingine. Waheshimiwa wajumbe wa mitaa ya Gerezani, Msimbazi na Ilala. Viongozi wa dini zote mnaotambulika kwa mavazi. Wafanyabiashara wa jumla, wa rejareja na wa kutandika chini. Mzee Devendra wa duka la vitenge, aliyetuazima viti. Shemeji yangu, aliyetukodisha jenereta. Bi Theopista mwenye mashine ya uchapaji pale Gerezani, ambaye ndiye mtuhumiwa wetu wa leo. Ndugu wanahabari, kama mngekuja. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ijizingatie yenyewe.

(Makofi. Waliopiga ni wanne, na mmoja alikuwa anaua mbu.)

MKUKAMTA!

(Watu wanatazamana.)

Nikisema MKUKAMTA mnatakiwa mjibu "Maarifa!" Tuliambizana mlangoni wakati mnapewa soda. MKUKAMTA!

("Kamata!")

Inakaribiana. Tuendelee.

Ndugu wananchi, nikiwa nimesimama juu ya jukwaa hili, lililoinuliwa kwa jitihada za ofisi yangu ili mtu wa kimo changu cha kiuongozi aonekane mpaka mlango wa nyuma, napenda kuwaarifu kwamba Mkakati wa Kuipeleka Kariakoo Mtandaoni, kwa kifupi MKUKAMTA, ni mradi mtambuka, shirikishi na endelevu, uliobuniwa baada ya upembuzi yakinifu kubaini kwamba katika ile kamusi elezo ya kwenye intaneti, ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuiandika na kuihariri bila kulipwa, yaani hata wewe unayetafuna mhindi hapo nyuma, Kariakoo yetu ilikuwa na mistari mitatu, wakati kuna kisiwa kimoja huko kwenye baridi, chenye watu sitini na kondoo wao, kina kurasa sita.

(Minong'ono ya uchungu. "Kondoo wanatupita?")

Wanatupita. Ndipo mimi, Kitwana Mavumba, Mratibu Mkuu, nikaunda jopo la wahariri kumi na wanne, wazalendo, wabobezi, nikawapa semina elekezi, tukajengeana uwezo, tukawashirikisha wadau, tukaweka fremuweki, na ndani ya miezi mitatu utekelezaji ukafikia asilimia mia moja na kumi na nne.

(Mzee Devendra, bila kusimama: "Hiyo kumi na nne ya juu imetoka wapi, Mheshimiwa?")

Ni wale wahariri, mzee wangu. Nimewajumlisha.

(Kicheko. Mheshimiwa anakipokea kama makofi.)

Sasa nije kwenye kiini. Mnakumbuka tulikotoka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na ukiwa na redio mbili dukani unaulizwa ya pili ni ya nani. Kisha likaja soko huria, kila mtu akafungua duka, hata wale ambao hawakuwa na cha kuuza walifungua mlango na kukaa. Basi, kama soko ni huria, na kamusi elezo ni huria, mtu mwenye akili timamu anaelewa kwamba hata maneno yaliyozagaa mitaani ni huria, unainama, unaokota. Nikaokota. Nikaokota historia ya Mtaa wa Msimbazi, nikaiweka kwenye kamusi elezo kwa mkono wangu huu. Lakini, na hapa naomba mwenye mhindi asitafune kwa sauti, maneno yakishaingia chini ya MKUKAMTA hayawi huria tena. Yanapata hakimiliki. Na hakimiliki, kama neno lenyewe linavyojieleza, ni haki ya aliyekwisha kumiliki.

("Heee!")

Ahsanteni. Ni kwa msingi huo wa kisheria ambapo Jumanne iliyopita tulimbaini Bi Theopista akiwa amechapa kijitabu cha historia ya mtaa huu, sawasawa na ukurasa wetu, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Nikatuma vijana wangu wawili na mkokoteni. Katoni ishirini zikachukuliwa, na ziko mahali salama, ambapo hivi ninavyozungumza zinatoa mchango wake katika shughuli hii.

(Bi Theopista amesimama. "Nimeyaandika mimi! Miaka mitano nimezunguka kwa wazee wa Gerezani na Ilala nikiuliza, wengine washakufa. Shule zinafungua Jumatatu, walimu wameagiza, nisipowapelekea wanachukua kitabu cha mtu mwingine. Na wewe umekalia vitabu vyangu!")

Sijavikalia. Naomba iingie kwenye kumbukumbu za kikao kwamba sijavikalia, na yeyote anayeniona anaweza kushuhudia. Bi Theopista, dada yangu, tumekuita hapa kwa upendo, ukiri mbele ya wadau kwamba ulinakili, utie saini, katoni zibaki kwetu, kila mtu aende nyumbani. Na kama kuna mwenye shaka ni nani mwandishi, nitasoma. Mtasikia wenyewe sauti ya mwenye maneno.

(Anavaa miwani na kukunjua nakala ya ukurasa wake.)

"Kabla ya lami, Mtaa wa Msimbazi ulikuwa na vumbi jekundu, na mafundi cherehani walifunika nguo za wateja kwa magazeti ya juzi, kwa hiyo shati jeupe lilirudi na habari za mpira mgongoni." Sikilizeni lugha hiyo! Hiyo ni lugha ya mtu aliyekaa akafikiri, na mimi nilikaa. "Nyumba ya kwanza kuwa na redio ilikuwa ya Bibi Selina. Jioni watu walijaa barazani kwake kusikiliza habari, naye aliizima pale tu walipoanza kubishana."

("Kweli kabisa!" Mama mmoja wa Ilala, machozi yakimlenga. "Huyo ni bibi yangu. Theopista alikuja kwetu akakaa kutwa nzima.")

Ofisi yangu inampongeza bibi. Naendelea. "Ilipofika Desemba wapangaji walipaka kuta chokaa, na watoto walipita wakichora majina yao kabla haijakauka. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kutoka kwa Devendra na Wanawe, vitenge, khanga na mashuka, jumla na rejareja. Mali ikiuzwa hairudishwi."

(Ukumbi mzima unaangua kicheko.)

Naomba utulivu.

("Rudia hapo pa mwisho!")

Utulivu, tafadhali.

(Mzee Devendra, sasa amesimama: "Kalenda yangu hiyo, bwana! Theopista alinichapia, kila mwezi akaweka kipande kimoja cha mtaa. Kila fundi Kariakoo anayo ukutani mpaka leo, hata mwaka wenyewe umeshapita!")

Mzee wangu Devendra, shikamoo. Maneno "mali ikiuzwa hairudishwi" niliyaweka kwa makusudi, kama falsafa ya uchumi wa soko.

("Na Krismasi?")

Ni mshikamano wa kidini. Na sasa, kwa kuwa mmeligusa, niseme hili la mgongano wa maslahi. Wapo vijana wa huko mtandaoni, wanaojitolea, hawana hata mhuri, walioandika kwamba mimi nina mgongano wa maslahi, eti kwa sababu niliandika ukurasa uitwao "Kitwana Mavumba, Mwana Maono." Nawauliza, nani ananifahamu kuliko mimi? Wakaweka alama kila baada ya sentensi, "chanzo kinahitajika." Chanzo ni mimi! Wakalalamika kwamba kwenye ukurasa wa jenereta niliongeza kuwa jenereta imara kuliko zote Afrika Mashariki na Kati hupatikana kwa shemeji yangu, panda ngazi, mlango wa bluu. Hiyo ni taarifa, ndugu zangu, na maarifa ni taarifa. Halafu nieleweni vizuri: ili vitu vigongane, lazima vitoke pande mbili. Maslahi yangu yote yanakwenda upande mmoja. Yatagongana na nini?

(Kicheko kirefu. Mtu anapiga kiti.)

Tena kwa heshima kubwa wakaniwekea, juu kabisa ya ukurasa, bango la njano lenye alama ya mshangao. Nimeangalia ukurasa wa kile kisiwa cha kondoo. Hawana bango.

(Jenereta inakohoa mara mbili na kuzimika. Feni zinasimama. Shemeji anatoka nje akisema anakuja.)

Haya ni mapumziko ya kiufundi, nitatumia koo. MKUKAMTA!

("Kamata!")

(Bi Theopista amefika mbele kabisa. "Mheshimiwa, hao wahariri wako kumi na wanne waliokuona unaandika, waite wasimame. Mmoja tu anitazame machoni aseme nimeiba, nasaini sasa hivi.")

Nilikuwa ndiyo nafikia shukrani. Kwa namna ya pekee nawashukuru wahariri wa MKUKAMTA, ambao ni Mzalendo Halisi, Mwana wa Msimbazi, Mpenda Ukweli, Mpenda Ukweli wa Pili, Msomi wa Gerezani, Shabiki wa Kitwana, Siyo Kitwana...

("Wasimame!")

Wamesimama.

("Wapi?")

Hapa. Wote kumi na wanne wamesimama mbele yenu, katika suti moja ya kijivu.

(Shemeji hajarudi.)

Siyo kwamba nilificha. Kila akaunti niliifungua kwa jina lake na kuipa majukumu yake, na kila mmoja alimpongeza mwenzake kwa nidhamu. Semina elekezi tulifanya kwenye intaneti kafe, kiti cha dirishani, ambacho ndicho makao makuu. Na naomba mjivunie jambo moja: juzi tulipofungiwa, tulifungiwa wote kumi na wanne kwa mkupuo mmoja, mshikamano usio na kifani katika historia ya miradi nchini. Ukurasa wenyewe umefutwa, sababu wameandika, "umenakiliwa kutoka kwenye kalenda ya duka." Kwa hiyo, kitaalamu, MKUKAMTA haukushindwa. Kilichokuwa hakipo hakiwezi kushindwa.

(Bi Theopista, kwa sauti ndogo, ila hakuna asiyesikia: "Kama ukurasa haupo, mimi nimenakili wapi? Nipe katoni zangu.")

Dada yangu, suala la katoni linahitaji mchakato. Kwa sasa ziko kwenye matumizi ya...

(Mzee Devendra anainama na kushika pindo la kitambaa cha bluu kilichofunika jukwaa, anakipapasa kidogo kama mteja, kisha anakifunua. Chini yake, zimepangwa kama matofali, katoni ishirini zenye mhuri ubavuni: THEOPISTA, WACHAPAJI, GEREZANI.)

...ya kiserikali.

("Mali haikuuzwa! Irudishwe!" Wote. "Mali haikuuzwa! Irudishwe!")

Basi, basi, kwa mamlaka niliyonayo naagiza zirudishwe, na agizo hili lianze kutekelezwa nikishamaliza kuhutubia. Jamani, nikishamaliza! Haya, anzieni pembeni. Pembeni, wewe mwenye mhindi, siyo hiyo ya katikati, nimeweka mguu! Wananchi, kaulimbiu yetu! MKUKAMTA!

("Kamata!" Wanakamata, mbili mbili, kwenda mlangoni. Bi Theopista anahesabu zinavyotoka.)

Maarifa kwa wote! Ukweli kwanza! Hakimiliki ni ya... mwenyewe! Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, na kwa namna ya pekee nawaomba mliokaa viti vya mbele muiname kidogo, maana kuanzia sasa sioni mtu.