Mkanda wa Sultani na Pua ya Bwana Harusi

Jongeeni, enyi watu wa Mbweni, na nyie wa Mtoni mlioikosa harusi ile. Wekeni chini vikombe vya kahawa, msikie jinsi Badru mtunza farasi, simba wa zizi, alivyoiokoa pua ya bwana harusi.

Farasi Sultani alikuwa na ila moja: akisikia tarumbeta hurusha kichwa juu kama aliyefumaniwa. Siku ya mazoezi ya msafara kichwa hicho kilimpata Muhsin, bwana harusi aliyempanda, puani, kanzu ikalowa damu. Habari zikamfikia Bi Wahiba, bibi yake bibi harusi, naye akaapa kuwa damu ni nuksi, na kanzu yenye tone moja haitavuka kizingiti chake.

Ndipo Badru akaleta martingali, mkanda wa ngozi upitao baina ya miguu ya mbele, kutoka mshipi wa tumbo hadi ukanda wa puani, umzuiao farasi asinyanyue kichwa kupita kiasi. Akaufunga, akaenda kuswali alasiri. Aliporudi, ole wake, mkanda haupo. Shangazi Zubeda, jemadari wa jikoni, kaona unaharibu makoja ya asumini kifuani pa farasi, kaufungua, kafungia mfuniko wa sufuria ya pilau iliyokwisha pakiwa kwenye bajaji.

Badru akaikabili sufuria, mvuke ukimpiga usoni.

"Shikamoo, shangazi. Pasipo mkanda huo Sultani atarusha kichwa, na pua ya mwanao ipo njiani."

"Marahaba. Na pilau ikimwagika, baba, wageni watakula hiyo pua?"

Hoja ilikuwa nzito. Tarumbeta zinajiandaa, Muhsin keshapanda, kiganja kaziba pua. Hapo shujaa akatenda wasilolithubutu mashujaa wa kale: akavua mkanda wa suruali yake, akaifunga sufuria, akautwaa ule wa farasi, akamvika. Ila kwa haraka akaukaza mno.

Msafara ukaondoka, Badru mkono mmoja kashika hatamu, wa pili kashika suruali. Tarumbeta zikapasua anga. Sultani akajaribu, mkanda ukakataa katakata. Mlangoni kwa Bi Wahiba akasimama kainama, pua karibu na miguu ya bibi. Bi Wahiba akaikagua kanzu, nyeupe pee. Kisha akamtazama farasi, uso ukamlainika.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia farasi. "Piteni."

Vigelegele vikatanda mtaa mzima, wakamtaka Badru anyanyue mikono juu apokee sifa za vizazi na vizazi. Badru, ambaye saa ile alikuwa keshaingia katika historia, hakuthubutu.