Kitambaa cha Ovaroli ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Mama ametoa hukumu. Jumamosi ni mashindano ya magari ya kupanda kilima. Gari la marehemu Baba likipita ukaguzi, linabaki kuwa langu. Likishindwa, Shemeji analivuta hadi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mimi nifunge mdomo.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi. Ana gereji na ana jibu la kila kitu. Kasema gari lile ni jiko lenye magurudumu: tangi liko chini ya kiti cha dereva, na mdomo wake, nyuma ya kiti, umezibwa kwa kitambaa. Likipinduka, petroli yote itanimwagikia. Eti nimruhusu afunge kifuniko cha kukaza, na vali ya kuziba mpira unaopitisha hewa ya tangi, gari likilala chali. Nimemwambia ashughulike na ya kwake.

Kitambaa kile Baba alikikata kwenye ovaroli yake mwenyewe, siku kifuniko kilipopotea njiani. Mimi na dada tulikaa nyuma, kazi yetu ni kukibana kwa zamu. Baba akipaza sauti, "Kona!" nasi tunabana kwa mikono miwili. Sijawahi tena kuwa mtu muhimu kiasi kile.

Jumanne, 4 Juni

Nimeulizia ukaguzi. Tangi linajazwa, gari linalazwa ubavu, watu wanasubiri. Likivuja tone moja, umekwisha.

Nimekipaka kitambaa sabuni ya kufulia, nikaliinamisha gari kwa jeki. Suruali yangu nzuri imeharibika kwa petroli. Viatu pia. Mama kaniambia nisiingie jikoni.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Mshale wa mafuta umeganda kwenye "tele" tangu Baba yu hai. Ndiyo maana utoto wangu wote nimesukuma gari. Baba aliuamini mshale ule kuliko alivyotuamini sisi. Tulikwama porini, yeye anaimba, sisi tunasukuma, na hakuna aliyenuna. Jinsi ninavyoikumbuka ile sauti!

Jioni nimelikausha tangi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni

Tumelisukuma gari hadi ukaguzini. Shemeji kauliza mbona haliwashwi. Nikasema injini inapumzika. Mkaguzi kauliza kama tangi limejaa. Sikusema uongo. Nimemwonyesha mshale tu.

Wakalilaza ubavu. Halikutoka hata tone. Mkaguzi kanipa mkono, kasema magari ya zamani yalitengenezwa na watu. Shemeji kalizunguka gari mara kadhaa akinusa. Dada kageukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Anaujua ule mshale.

Jumamosi, 8 Juni

Nimejaza tangi hadi juu. Nimeondoka vizuri, watu wanapiga makofi. Kwenye kona ya pili nikapaza sauti, "Kona!" kwa mazoea. Nyuma hapakuwa na mtu wa kubana.

Gari likapinduka. Nikabaki nimening'inia kwenye mkanda, kichwa chini, tangi sasa liko juu yangu, petroli inateremka mgongoni hadi shingoni. Niliogopa, sitaficha. Lakini harufu ile! Ni Baba akirudi safari, ananikumbatia mlangoni kabla hajanawa. Nikalia kama mtoto, nikimeza petroli.

Shemeji alikuja mbio. Kang'oa waya wa betri, kakata mkanda, kaniburuta nje, huku akimfokea mtazamaji mmoja azime sigara. Hakusema kwamba alinionya. Hilo limeniuma kuliko ubavu niliouumiza.

Mama kafika amejiandaa kunigombeza. Kainama, kanusa kola yangu. Kisha kasema polepole kwamba nanuka kama baba yangu. Hakuniachia kwa muda mrefu. Habari ya chuma chakavu haikutajwa tena.

Jumamosi, 15 Juni

Shemeji amelinyoosha gari bila kuombwa. Kafunga kifuniko cha kukaza na ile vali. Kalijaza petroli, kalilaza ubavu mbele yetu sote, na udongo ukabaki mkavu. Mama kasema sasa hata yeye atapanda. Nimemshukuru Shemeji, tena kwa moyo, maana bila yeye leo ningekuwa natajwa kwa dua.

Mchana nimeingia garini peke yangu. Nikavuta pumzi. Inanuka rangi mpya. Nikasema "kona" kwa sauti ndogo. Gari la mtu mwingine kabisa.

Nimekwenda na mkasi kabatini kwa Mama, inakotunzwa ovaroli ya Baba. Kifuniko cha Shemeji nimekihifadhi vizuri kwenye droo, kisije kikapotea kama kile cha kwanza. Nimefikiri sana, na kosa nimeliona: kitambaa cha zamani kilikuwa kimechakaa. Hiki kipya ni kinene, nimekikunja mara mbili. Nimekata mguu wa kulia tu wa ovaroli. Wa kushoto upo, kama litapinduka tena.